Acheni Kuniuliza Geko Wako ni Mofu Gani

Tangu niweke ile video ya geko wa binamu yangu, picha haziishi kwa inboksi. Mjusi amelala kwenye tishu, amemulikwa na taa ya samawati, halafu swali ni lile lile: "Bro, huyu ni mofu gani?" Siku hizi nina jibu moja tu. Sijui. Na yule msee aliyekwambia anajua kwa kuangalia picha, anakubahatishia.

Kwa wale wageni, hapa tunaongelea geko chui, mjusi wa mkia mnono kutoka Pakistan, Afghanistan na kaskazini-magharibi mwa India. Usimchanganye na mjusi kafiri wa kwenye dari yenu. Huyu ana kope, anafumba macho kama wewe, na vidole vyake havinati, kwa hivyo kioo hapandi. Wa porini ni manjano mwenye madoa meusi. Wafugaji wa Marekani na Ulaya wamemzalisha miaka mingi sana, sasa kuna weupe, wa rangi ya chungwa, wasio na doa hata moja, na wengine macho ni meusi tititi. Rangi ya aina hiyo inayorithiwa ndiyo mofu. Na kila mofu ina jina, na jina lina bei.

Sasa hii kosa ilikuwa yangu. Binamu yangu anaishi Minnesota. Jirani yake alikuwa anahama, akamwachia geko jike, bila karatasi, bila historia. Mnyama mrembo, manjano ya kuingia waridi, hana weusi popote. Nikatumiwa picha, nikailinganisha na zingine tano nilizopata mtandaoni, nikatangaza kwa video kwamba huyu ni albino wa Tremper. Manze niliongea kama profesa. Video ikaenda poa kuliko zote za mwezi huo.

Binamu akaniamini. Akajinyima, akanunua dume wa Tremper mwenye rekodi safi, akawaweka pamoja. Hawa hutaga mayai mawili mawili, na kwa awamu tatu akapata watoto sita. Wote sita wakatoka na mistari myeusi na manjano, kawaida kabisa. Hakuna albino hata wa dawa. Alinipigia simu ya video saa nane usiku saa za huku. "Cuzo, si ulisema?"

Iko hivi. Albino wa geko chui wako wa aina tatu: Tremper, Bell na Rainwater. Kwa macho wanafanana vibaya sana, lakini kila mmoja ana jini yake tofauti iliyoharibika. Hii si elimu ya chuo, na hata hicho chuo nilikiacha. Ni ile jenetiki ya kidato cha nne. Chukulia weusi ni chapati. Nyumba moja haipiki kwa sababu unga umeisha, nyumba ya pili haipiki kwa sababu haina mafuta. Ukiangalia sahani, zote ni tupu. Lakini mtoto anayerithi kutoka nyumba zote mbili anapata unga huku na mafuta kule, na chapati zinapikwa. Ndiyo maana wale sita wana weusi. Mama yao hakuwa Tremper. Ni Bell au Rainwater, na picha ilikuwa imenionyesha sahani tupu tu.

Na hapo sijagusa mambo ya kamera. Geko mtoto ana mistari mipana ambayo inavunjika kuwa madoa akikua, kwa hivyo picha ya miezi miwili na ya mwaka mmoja utadhani ni wanyama wawili. Taa ya njano inampaka umanjano. Akikaribia kujivua ngozi anafifia. Hata joto ambalo yai lilikaa ndani yake linachangia weusi wa mwili. (Joto hilo hilo ndilo huamua jinsia. Karibu nyuzi 26 wengi wanatoka majike, 32 hadi 33 wengi wanakuwa madume. Mimi hii bado hunishangaza.)

Kuna mtu atasema, relax, ni jina tu. Hapana. Kuna mofu inaitwa Enigma, na wengi wao wana shida ya mishipa ya fahamu: anazunguka duara, kichwa kimeinama upande, anarukia mdudu na kumkosa. Kuna Lemon Frost, manjano ya kung'aa, kila mtu alimtaka. Mwaka wa 2021 wanasayansi wa UCLA walichapisha utafiti unaoonyesha kwamba ile rangi yenyewe inaendana na uvimbe wa seli za ngozi, na zaidi ya asilimia 80 ya hao wanyama huupata. Sasa fikiria umebahatisha "huyu ni manjano tu wa kawaida" na mtu akamzalisha.

Wale wanaouza watoto wa mbwa kando ya barabara hapa Nairobi wanakuapia ni German Shepherd pure, na sisi tunacheka. Tunajua bila kumwona mama na baba hayo ni maneno. Lakini mjusi akipigwa picha vizuri tunaamini. Anayejua mofu ni aliyewaweka wazazi pamoja na kuandika. Kama hayupo, andika "haijulikani" na umpende hivyo hivyo.

Ile video sijaifuta. Nimebandika komenti juu kabisa nikisema nilikosea, na watu wamenicheka, sawa. Binamu amegawa wawili kwa marafiki waliokubali kutowazalisha. Wanne bado wako kwake, na geko chui anaweza kufikisha miaka 20. Kila mwezi mimi natuma pesa ya wadudu.