Wanawake wa misuli hawakukimbiwa, waliondolewa runingani

Utunishaji misuli wa wanawake haukutoweka kwenye televisheni kwa sababu watazamaji waliuchoka. Uliondolewa na watu wachache waliokuwa na mamlaka juu ya mchezo na juu ya ratiba za vituo, tena wakati mashabiki wake wakiwa bado ukumbini. Imani iliyozoeleka husema kinyume: kwamba wanawake walizidisha, miili ikawa mikubwa kupita kiasi, watu wakageuza macho, na vituo vikafuata upepo. Kauli hiyo husikika kwenye vipindi vya michezo, kwenye jimu na vijiweni kila jina la mwanamke mwenye misuli linapotajwa, na karibu kila mara humalizwa kwa kicheko. Ni kauli ya uongo, na kumbukumbu za mchezo wenyewe zinaikanusha.

Mashindano ya kuhukumu misuli ya wanawake, badala ya sura na mavazi yao, yalishika mizizi nchini Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1979 Lisa Lyon alishinda mashindano ya kwanza ya dunia, yaliyofanyika Los Angeles. Mwaka uliofuata Rachel McLish alitwaa taji la kwanza la shindano linalojulikana leo kama Ms. Olympia, mjini Philadelphia. Mwaka 1983 taji lilikwenda kwa Carla Dunlap, mwanamke mweusi wa kwanza kulitwaa. Cory Everson akalishika mara 6 mfululizo, kuanzia 1984 hadi 1989, na akawa sura inayojulikana majumbani kupitia vipindi vya mazoezi vya ESPN. Kwa miaka kumi ya mwanzo, basi, mwanamke mwenye misuli alikuwa na nafasi yake kwenye skrini.

Kilele kilikuja mwaka 1991, Ms. Olympia iliporushwa moja kwa moja na ESPN kwa mara ya kwanza. Bingwa mtetezi alikuwa Lenda Murray. Mpinzani wake, Bev Francis wa Australia, alitoka kwenye kunyanyua uzito, ambako alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka kilo 136 kwenye benchi. Francis alipanda jukwaani akiwa mkubwa kuliko miaka yote ya nyuma, akaingia raundi ya usiku akiongoza. Ili kutetea taji, Murray alihitaji kura zote za nafasi ya kwanza. Alizipata, akashinda kwa pointi 1. Bingwa anayekaribia kuvuliwa taji, mpinzani aliyebadilisha mwili wake wote kwa ajili ya usiku mmoja, na tofauti ya pointi 1 mbele ya kamera: mkurugenzi yeyote wa michezo angelipia pesa nyingi apate fainali ya namna hiyo kila mwaka.

Wakuu wa IFBB, shirikisho linalosimamia mchezo huo, hawakuona fainali nzuri. Waliona tishio. Mwaka uliofuata, kwenye shindano jingine kubwa la wanawake, Ms. International ya 1992 mjini Columbus, Ohio, waamuzi walielekezwa kuufanya mchezo uwe wa “kike” zaidi na kuwashusha washiriki wanaoonekana wakubwa mno. Yaliyotokea jioni ile yanatosha kuizika imani nzima ya watazamaji waliokimbia. Mshindi alikuwa Anja Schreiner wa Ujerumani, mwenye uzito wa takriban kilo 59. Paula Bircumshaw wa Uingereza, aliyelingana naye kwa kimo, alikuwa na karibu kilo 73, misuli ikiwa imechongeka vizuri na mwili ukiwa na uwiano. Waamuzi walimpa nafasi ya 8. Kwa desturi washiriki 10 bora huitwa tena jukwaani wakati wa kutangaza matokeo. Safari hii waliitwa 6 tu, ili Bircumshaw abaki nyuma ya pazia. Ukumbi ukalipuka. Watu waliokata tiketi walipiga kelele wakiliita jina lake, mpaka akatoka mwenyewe na kusimama na wale 6.

Hao ndio watazamaji. Hawakusinzia wala hawakuondoka. Mwanamke waliyemtaka alikuwa mkubwa kuliko mshindi, na waliomfungia nyuma ya pazia walikuwa viongozi. Kila anayesema umma uliukataa mwili wa namna ile hana budi kueleza umma wa Columbus ulikuwa ukimwita nani.

Chuki ile dhidi ya misuli ya wanawake haikuzaliwa 1992. Filamu ya George Butler ya mwaka 1985, Pumping Iron II: The Women, iliinasa ikiwa bado changa. Kamera zilifuatilia shindano lililofanyika Caesars Palace, Las Vegas, mwaka 1983, na ndani yake wanaonekana viongozi na waamuzi wakijadili mwanamke aruhusiwe misuli kiasi gani. Bev Francis, mwenye misuli kuliko wote waliokuwa jukwaani, aliishia nafasi ya 8, nafasi ileile aliyokuja kupewa Bircumshaw. Hakuna kikao cha kufanana na hicho kilichowahi kufanywa kuamua mwanamume awe na misuli kiasi gani kabla ya kuacha kuwa mwanamume.

Ulinganisho na wanaume ndio unaoumbua kila kitu. Arnold Schwarzenegger, katika ubora wake miaka ya 1970, alipanda jukwaani akiwa na takriban kilo 107. Mwaka 2004 Ronnie Coleman alishinda Mr. Olympia, shindano la wanaume, kwa mara ya 7 akiwa na takriban kilo 134. Ni ongezeko la kilo 27, na lilipokewa kwa shangwe na majalada ya magazeti. Desemba ya mwaka huohuo, IFBB ilitoa waraka ukiwataka wanawake wapunguze misuli kwa asilimia 20. Asilimia 20 ya nini, waraka haukuweza kusema kwa namna yoyote inayopimika. Mwamuzi hana mizani ya msuli wala rula ya bega. Ana macho yake na anachokipenda. Mwanamke aliyetumia miaka 10 au 15 kujenga mgongo, akila kwa kipimo na kuamka alfajiri kwenda kwenye vyuma, aliambiwa aurudishe sehemu ya tano ya mgongo huo, na hakuonyeshwa kipimo cha kumjulisha kama ameirudisha. Katika riadha, kocha angeambiwa mwanariadha wake akimbie polepole kwa asilimia 20 ili apendeze, shirikisho zima lingehojiwa.

Tena wanaume nao walianguka kwenye televisheni, na hakuna aliyelaumu miili yao. Vince McMahon, tajiri wa mieleka, alianzisha shirikisho lake la watunisha misuli wa kiume, WBF, akalipa wanamichezo mikataba minono, akalipatia kipindi cha televisheni na kulipigia debe kwa nguvu zote za kampuni yake ya mieleka. Lilifanya mashindano mawili ya ubingwa, 1991 na 1992, likafungwa. Maelezo yaliyotolewa yalihusu biashara mbovu. Mwanaume akikosa watazamaji, kosa ni la mwandaaji. Mwanamke akikosa muda wa hewani, kosa ni la mabega yake. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Nafasi ya wanawake wenye misuli haikuachwa wazi. Ilijazwa na madaraja mapya ya wanawake, na madaraja hayo yanaonyesha nia. Kwanza ikaja Fitness Olympia mwaka 1995, kisha Figure Olympia 2003, kisha Bikini Olympia 2010, kila hatua ikihitaji msuli mdogo zaidi na viatu virefu zaidi. Kipindi hichohicho ESPN ilikuwa ikirusha mashindano ya fitness yaliyofanana zaidi na ya urembo kuliko ya nguvu. Kiu hii ya kumvisha mwanamichezo wa kike kwa faida ya macho ya wengine haiko kwenye utunishaji misuli peke yake. Julai 2021 timu ya Norway ya mpira wa mikono wa ufukweni ilitozwa faini ya euro 1,500 na shirikisho la Ulaya kwa kuvaa kaptura badala ya chupi za bikini, ilhali wanaume wa mchezo uleule walicheza na kaptura bila kuulizwa. Kanuni ilibadilishwa baadaye mwaka ule, baada ya aibu kuzunguka dunia.

Pingamizi linalorudiwa kuliko yote ni kwamba mwanamke mwenye misuli mingi “hafanani na mwanamke”. Hilo si pingamizi la michezo. Mtu anayekesha akitazama mabondia wakivunjana pua, kisha akadai kwamba bega la mwanamke linamchafua macho, anatangaza woga wake mwenyewe na kuupa jina la ladha. Wengine hukimbilia suala la dawa, kana kwamba sindano zilibuniwa kwa ajili ya wanawake. Mwaka 1990 washiriki wa Mr. Olympia walipimwa dawa, upimaji huo haukuendelezwa, na heshima ya wanaume haikupungua hata kidogo.

Hoja ya kwamba vituo huonyesha tu kile watu wanachotaka imeshaporomoka katika michezo mingine. Desemba 1920 timu ya wanawake ya Dick, Kerr Ladies ilicheza mbele ya watu wapatao 53,000 kwenye uwanja wa Goodison Park, Liverpool. Mwaka mmoja baadaye chama cha soka cha Uingereza kiliwafungia wanawake viwanja vya wanachama wake, marufuku iliyodumu karibu miaka 50, na kizazi baada ya kizazi kikaambiwa soka la wanawake halina mashabiki. Aprili 2024 fainali ya kikapu ya wanawake wa vyuo vikuu vya Marekani, South Carolina dhidi ya Iowa, ilitazamwa kwa wastani na watu milioni 18.9, ya wanaume, siku iliyofuata, milioni 14.8. Ilihitaji tu kuwekwa mahali ambapo watu wangeiona. Watafiti wa Marekani waliofuatilia habari za michezo za televisheni kwa miaka 30 walikuta wanawake wakipewa takriban asilimia 5 ya muda mwaka 1989, na asilimia 5.4 mwaka 2019. Asiyeonyeshwa hawezi kupendwa wala kuchukiwa, na mtazamaji hawezi kukataa asichowahi kukiona.

Gharama ya kutoonyeshwa inaonekana kwa Iris Kyle. Alishinda Ms. Olympia mara 10, mwaka 2004 na kisha mfululizo kuanzia 2006 hadi 2014, idadi ambayo hakuna mwanamume aliyeifikia kwenye Mr. Olympia, rekodi ya wanaume ni mara 8, ya Lee Haney na Coleman. Bingwa wa kiwango hicho katika mchezo mwingine wowote angekuwa na matangazo ya biashara na kiti cha uchambuzi. Kyle alitawala mchezo ambao kamera zilikuwa zimeshauacha. Ms. International iliondolewa baada ya mwaka 2013, na nafasi yake ikapewa daraja jingine la wanaume. Ms. Olympia ikasimamishwa baada ya 2014.

Madhara hayakuishia Marekani. Kwenye jimu za Dar es Salaam na Nairobi mwanamke anayesogelea vyuma vizito bado huonywa kwamba “atakuwa kama mwanamume”, na huelekezwa kwenye mashine ya kukimbilia. Anayemwonya hajawahi kumwona Lenda Murray akijipanga jukwaani, hajui miaka inayohitajika kufikia hapo, na anadhani msuli wa namna ile humvamia mtu kwa bahati mbaya kati ya Jumatatu na Ijumaa.

Mchezo uliosemwa umekufa uliokolewa na waliouamini. Mwaka 2015, mwaka wa kwanza bila Ms. Olympia, mwandaaji Jake Wood, kupitia kampuni yake ya Wings of Strength, alianzisha ubingwa wa dunia wa Rising Phoenix mjini San Antonio, Texas, na Margie Martin akashinda. Mwaka 2020 Wood aliinunua Olympia yenyewe, na Desemba mwaka huo Ms. Olympia ikarudi mjini Orlando. Andrea Shaw alitwaa taji akiwa na misuli ambayo waraka wa 2004 ungeipiga marufuku. Wanaotaka kuitazama huifuata mtandaoni. Vituo vikubwa vya televisheni bado havijairudishia nafasi viliyoipa mwaka 1991.