Kipimo Kwanza, Ndipo Ngano Iachwe

Mkazi wa Matondoni, Lamu, anayeharisha kwa miezi, au mtoto asiyekua na ambaye damu yake haipandi, apimwe ugonjwa wa siliaki kabla ya kuambiwa aache ngano. Gluteni ni protini ya ngano, shayiri na rai. Ndiyo inayofanya unga wa mahamri uliokandwa uvutike na kuumuka. Wengi haiwadhuru. Ila kwa takriban mtu 1 kati ya 100 duniani, mwenye siliaki, gluteni huchochea kinga ya mwili iharibu utumbo mdogo, chuma kisifyonzwe, na upungufu wa damu ukasingiziwa minyoo.

Wapo wanaosema hayo ni maradhi ya Wazungu. Je, Wasaharawi wa Sahara Magharibi, ambao zaidi ya asilimia 5 ya watoto wao waliopimwa miaka ya 1990 walikutwa nayo, ni Wazungu wa wapi? Wengine huona kuacha ngano ni rahisi kuliko kupima. Lakini aliyekwisha kuiacha huenda akapimwa akaonekana mzima, kwani kingamwili zinazotafutwa hupungua gluteni ikikosekana. Gharama ya chakula nayo isitiwe chumvi: wali wa nazi, samaki, muhogo na vitumbua vya mchele havina gluteni, mradi visikaangwe kwa mafuta yaliyotoka kukaanga mahamri.

Wenye dhamana ya afya Lamu wahakikishe damu inachukuliwa zahanati, inapelekwa maabara na majibu yanarudi kijijini. Wasimamizi wa viwango nao walazimishe kila pakiti ya chakula chenye ngano iitaje waziwazi.