TV Kubwa Sebuleni: Pima Chumba, Pima Mfuko, Kisha Ulipe

Agosti 2025, Harambee Stars walipoichapa Morocco 1-0 pale Kasarani kwenye CHAN, nyumba nyingi huku kwetu zilijaa mpaka mlangoni. Watoto chini kwenye mkeka, wazee kwenye viti, vijana wamesimama dirishani. Mwenye TV kubwa ndiye aliyekuwa na wageni. Na tangu siku hiyo swali moja limekuwa likiturudia kutoka kwa wateja wetu wa Marani, Kisii na Nyamira: ile ya inchi 55 ni pesa ngapi, na naweza kuilipa polepole kwa simu?

Ndiyo, unaweza. Lakini kuweza kulipa na kufaa kununua ni mambo mawili. Maoni yetu tunayasema mapema: TV kubwa ni kitu kizuri na hakuna dhambi kuitaka. Ila inunuliwe kwa pesa ambayo tayari uko nayo, sio kwa pesa unayoiota.

Yaliyompata mteja mmoja

Mteja wetu mmoja wa Marani, mama anayeuza ndizi na avokado, ametukubalia tueleze yake bila kumtaja jina. Mwaka 2025 yeye na mzee wake walichukua TV ya inchi 65 kwa lipa pole pole. Hesabu ilikuwa rahisi: bonasi ya majani chai ikija mwezi wa kumi, deni linaisha.

Bonasi ikaja, lakini ilikuwa imeshuka. Wakulima wa Kisii, Nyamira, Kericho na Bomet walilalamika hadharani mwaka huo, na kila mmoja wetu aliwasikia. Bonasi ilishuka, malipo ya TV hayakushuka. Siku za mvua, soko likiwa baridi, mama huyu alikuwa anakopa kwa simu ili alipe TV, halafu anauza ndizi ili alipe simu. Mwishowe akachelewa, na TV ikafungwa na muuzaji kutoka mbali. Januari, karo ikibisha hodi, pale ukutani palikuwa na kioo cheusi ambacho bado kilikuwa kinadai.

Hakuwa mzembe. Alikosea kitu kimoja tu: aliweka rehani mavuno ambayo bei yake haikuwa mikononi mwake. Wengi wetu tumefanya hivyo, ila si wengi wanaokubali kusema.

Hesabu ambayo duka halikufanyii

Chukua mfano. TV ni shilingi 30,000 ukilipa yote mara moja. Kwa lipa pole pole unaambiwa: weka 6,000, halafu 120 kila siku kwa mwaka mmoja. Mia na ishirini inasikika kama chai na mandazi. Lakini 120 mara siku 365 ni 43,800. Ongeza zile 6,000 za mwanzo, jumla ni 49,800. Umelipa 19,800 zaidi kwa TV ileile.

Sasa geuza. Ukiweka 170 kila siku kwenye akiba yako ya simu, baada ya siku 180 una 30,600. Miezi sita tu. Unaingia dukani ukiwa na pesa, unaweza kuomba upunguziwe bei, na ukitoka hakuna mtu anayekudai. Siku ukikosa kuweka, hakuna anayekufungia chochote, unaendelea kesho.

Msomaji anaweza kutuuliza: ninyi kampuni ya malipo, si ndio mnafaidi watu wakilipa kila siku? Swali zuri. Ni kweli, malipo mengi ni biashara kwetu. Lakini mteja aliyelemewa na madeni huishia kuacha kutumia laini yake kabisa, akiogopa kila shilingi inayoingia itakatwa. Huyo tumempoteza sisi, na yeye amejipoteza. Ndiyo maana tunasema wazi.

Hatusemi lipa pole pole ni mbaya kwa kila mtu. Mwenye kinyozi au kibanda cha chai Marani, ambaye TV inamletea wateja kila jioni, anaweza kuilipa kutokana na kazi yake yenyewe. Lakini TV ya kukaa sebuleni haizai kitu. Inakula.

Na kama lazima uchukue kwa mkataba, usome. Ikiwa ni mkataba wa hire purchase, Sura ya 507 ya sheria za Kenya inasema ukishalipa theluthi mbili ya bei yote, muuzaji hawezi kuja kubeba mali bila kwenda mahakamani. Katika mfano wetu hiyo ni 33,200. Weka kila ujumbe wa malipo usipotee. Hizo jumbe ndizo risiti zako, na mzozo ukitokea ndizo zitakazosema.

Ukubwa unachaguliwa na chumba, sio na jirani

Inchi za TV zinapimwa kutoka kona hadi kona. Inchi moja ni sentimita 2.54. Kwa hivyo TV ya inchi 43 ni kama sentimita 109 kona hadi kona, ya 55 ni kama 140, na ya 65 ni kama 165. Kabla ya kwenda dukani, chukua futi ya fundi, pima kutoka ukutani mpaka kwenye kiti mnachokaa.

Picha ikiwa safi sana, unaweza kukaa umbali wa mara moja na nusu ya ukubwa wa TV. Kwa inchi 55 hiyo ni mita 2.1 hivi. Lakini hapa ndipo watu hukwama. Dukani unaonyeshwa video ya 4K, maji yanatiririka, ndege wana rangi zote. Ukifika nyumbani unafungua taarifa ya saa moja, na nyuso za watangazaji zimetapakaa kama rangi iliyomwagikiwa maji. TV haijaharibika. Chaneli zetu za bure hazirushi 4K, na picha ndogo ikivutwa kwenye skrini kubwa, kila dosari inaonekana. Kwa picha kama hizo kaa mbali zaidi, hata mara mbili ya ukubwa wa TV au kupita. Kwa inchi 65 hizo ni mita 3.3. Je, sebule yako inazo?

Kwa nyumba nyingi za huku, ambapo sebule ni hiyohiyo ya kula na ya wageni, inchi 43 inatosha na inabaki na heshima. Nenda dukani na flashi yako yenye video ya kawaida, uombe waichomeke. Muuzaji mwaminifu hatakataa.

Gharama zinazokuja baada ya kulipa

Stima kwanza. Wati za TV zimeandikwa nyuma yake au kwenye boksi. Tuseme ya inchi 32 inakula wati 45, ya inchi 43 wati 80, na ya inchi 55 wati 120. Ukiwasha saa tano kwa siku, kwa mwezi wa siku 30 ya kwanza inatumia karibu yuniti 7, ya pili yuniti 12, ya tatu yuniti 18. Inaonekana kidogo, lakini kumbuka: tangu Aprili 2023, bei nafuu kabisa ya stima ya nyumbani ni ya wale wasiopita yuniti 30 kwa mwezi. Nyumba inayotumia taa, redio na kuchaji simu inakaa humo vizuri. TV kubwa inaweza kukutoa hapo, na ukishatoka kila yuniti inakuwa ghali, hata ya taa.

Pili, cha kuangalia. Tangu Kenya ihamie dijitali mwaka 2015, TV inahitaji king'amuzi, au iwe na DVB-T2 ndani yake. Uliza neno hilo dukani. Ikiwa nalo, antena tu inakutosha kupata chaneli za bure, na hakuna malipo ya mwezi. Ikiwa unataka ligi za Ulaya, hapo kuna malipo ya kila mwezi, na ni lazima yaingie kwenye hesabu kabla hujanunua.

Tatu, intaneti. TV ya kisasa inavuta bando kama ng'ombe mwenye kiu. Filamu ya HD inaweza kumaliza GB 3 kwa saa moja, na ya 4K hata GB 7. Ukiwasha hotspoti ya simu ili watoto waangalie katuni, bando la wiki linaisha kabla ugali haujaiva.

Radi ni jirani yetu

Hili la Kisii na Nyamira hatuhitaji kuelezwa na mtu. Mvua ya mchana ikianza kunguruma huko vilimani, radi haichagui. Kifaa cha kulinda TV kinasaidia stima ikipanda na kushuka, kwa hivyo kinunue. Lakini radi ikipiga karibu, kifaa hicho hakiwezi kuizuia. Kinga ya kweli ni kuchomoa plagi na kuchomoa waya wa antena pia, mapema, kabla mvua haijafika. Wengi huchomoa plagi, wanasahau antena, na radi inapita hapo. Ikiwa tayari inapiga, acha nyaya zote, usizishike. TV inanunuliwa tena, mtu hanunuliwi.

Muulize pia muuzaji: waranti inafunika uharibifu wa radi? Mara nyingi haifuniki. Afadhali ujue ukiwa bado na pesa mfukoni.

Siku ya kulipa

Hapa ndipo tunapojua mambo, na hapa hatutaki mzaha.

- Lipa kwa nambari ya till ya duka, sio kwa nambari ya mtu. Kabla ya malipo kukamilika, jina la biashara linatokea. Lisome. Ukiambiwa till haifanyi kazi, tuma kwa hii ya mdogo wangu, ondoka.
- Usimtumie pesa mtu uliyemwona kwenye Facebook anayesema TV itakuja na matatu ya jioni. Matatu itafika, TV haitafika. Ione, iwashwe, uguse, ndipo ulipe.
- Iwashwe dukani kwa angalau dakika kumi. Angalia skrini ikiwa nyeupe yote, halafu nyeusi yote. Doa lolote litaonekana.
- Tafuta stika ya KEBS kwenye boksi, na uhakikishe nambari ya TV inalingana na ile ya kwenye waranti.
- Dai risiti ya karatasi yenye jina la duka, tarehe na modeli. Ujumbe wa simu unaonyesha umelipa, risiti inaonyesha ulilipia nini.
- Njiani kutoka Kisii mjini, TV isimame wima. Usiilaze, na kwa bodaboda afadhali usijaribu. Lipa nafasi kwenye gari.

La mwisho ni la nyumbani

Kabla ya yote, kaeni chini. Baba, mama, na hata watoto wakubwa. Andikeni karo ya Januari, mbolea, chama, bima, halafu TV. Ikibaki nafasi, nunueni kwa furaha na mualike majirani. Isipobaki, ile ndogo iliyopo bado inaonyesha magoli yaleyale. Shabana wakishinda Gusii Stadium, bao kwenye inchi 24 ni bao.

Mama yetu wa Marani alimaliza deni lake, polepole, kwa shida. Sasa anaweka akiba kidogo kila siku ya soko, na safari hii si ya TV. Ni ya tangi la maji. Tulipomuuliza kama atanunua tena TV kubwa, alicheka, akasema hakosi, ila siku hiyo pesa itatangulia kabla yake dukani.

Nawe je? Leo jioni chukua futi, pima sebule. Halafu fungua simu, angalia salio. Hizo nambari mbili zitakushauri kuliko muuzaji yeyote.