Bawabu wa Utumbo

Mwanafunzi wa Shauri Moyo hufundishwa kwamba utumbo mdogo hufyonza chakula. Hiyo ni nusu ya somo. Kwenye kuta zake mna protini zilizo mithili ya bawabu: nyingine huingiza dawa mwilini, nyingine huirudisha nje. Mashuhuri miongoni mwa hizi za pili ni P-glaikoproteini, iliyoelezwa na Juliano na Ling mwaka 1976. Ndiyo huizuia kwa kiasi digoksini, dawa ya moyo ambayo kipimo chake cha kutibu kimekaribiana mno na cha kudhuru.

Utumbo ukijisokota, maradhi yasiyo mageni Afrika Mashariki, damu hukatika. Daktari akiusokotoa damu hurudi, na kurudi huko nako hujeruhi. Majaribio ya panya yameonyesha kwamba bawabu huyo huweza kupungua. Basi kidonge kile kile huenda kikaingia kwa wingi zaidi. Binadamu si panya, naam, lakini tahadhari si ghali.

Naona walimu wa baiolojia wasiliachie chuo kikuu jambo hili. Hapa mtaani, mzazi akitoka kupasuliwa, mara nyingi anayemsomea karatasi ya dawa ni mtoto wa sekondari. Huyo ndiye wa kumwuliza daktari: kipimo hiki kimeangaliwa upya?