UKWELI ULIOFANYWA CHAMBO

Mwezi wa Agosti 2017 mwanamke mmoja wa Massachusetts, Marekani, alishinda dola milioni 758.7 katika bahati nasibu ya Powerball. Tangu hapo walaghai wamelitwaa jina lake na kuwaandikia watu barua pepe, wakidai kwamba amewachagua kuwagawia mali yake. Ushindi ni kweli. Barua ni ya uongo. Anayeuliza habari hukuta kwamba mama huyo yupo, naye huamini. Ndipo huombwa ada ya benki, kisha kodi, kisha ada nyingine, na zawadi haifiki kamwe.

Ndugu wafanyakazi, twasema wazi: mtoaji wa kweli hamtozi anayepewa. Barua ya namna hiyo isijibiwe. Na aliyekwisha kunaswa asione haya kutoa habari polisi, maana ukimya wake ndio mtaji wa mwizi.