Mtunga Hadithi Aamkapo Asubuhi

Mwezi huu tuliazimu kuendelea na mazungumzo yetu juu ya adabu za wageni. Lakini limetukia jambo ambalo sisi wenyewe tumo ndani yake, na hatuoni kuwa ni insafu kuwanasihi watu wengine hali ya kuwa letu tumelifunika.

Miezi michache iliyopita, katika darasa letu la baada ya sala ya alasiri, tulizungumza juu ya ubaya wa uwongo. Maneno yakatuchukua, kama yanavyomchukua kila mwenye kusikilizwa na watu walionyamaza, tukasema kuwa watungao hadithi za kubuni nao ni katika waongo, na kwamba karatasi zilizoandikwa mambo hayo zafaa moto kuliko rafu. Neno hilo hatukulipima. Tulilisema, tukaondoka, tukaenda kutawadha kwa ajili ya magharibi.

Miongoni mwa waliokuwapo alikuwamo mzee mmoja, mkulima wa korosho, mtu wa dini na wa kazi. Anaye kijana wa miaka kumi na saba ambaye kwa muda wa miaka miwili alikuwa akiandika hadithi katika madaftari. Mzee yule alifika nyumbani kwake, akakuta watu wanakaanga korosho uani, akaingia ndani akayatoa madaftari ya mwanawe, matatu, akayatia motoni. La nne lilikuwa limeazimwa na mwanafunzi mwenziwe, nalo likasalimika kwa sababu hiyo. Kijana hakusema neno. Aliacha tu kuja darasani.

Siku ya tisa mama yake alikuja kwetu. Akaketi mkekani, akasema, "Shikamoo, Maalim. Mume wangu amefanya ulilolisema. Nimekuja kukuuliza jambo moja tu: wewe uliyasoma madaftari yale?"

Tukamjibu kuwa hatukuyasoma.

"Na yeye hakuyasoma," akasema; kisha akalitoa lile daftari la nne ndani ya kanga yake, akaliweka mbele yetu, akaaga.

Tulilisoma usiku ule ule. Ni hadithi ya mwanamke wa Newala wa zamani, kabla ya maji ya bomba kuanza kupandishwa huku juu katika miaka ya 1950. Wasomaji wetu wa mbali wafahamu kuwa uwanda wetu huu wa Makonde hauna mto. Mvua inyeshapo, mchanga huyanywa maji yote, na mama zetu walikuwa wakiteremka magengeni mpaka bondeni kuyatafuta, wakitoka usiku na kurudi jua limekwisha panda. Mwanamke wa hadithi anapandisha na mtungi wake kichwani, akakutana njiani na mzee kipofu aliyeomba kunywa. Anampa. Anafika nyumbani na mtungi nusu, na mumewe anamwuliza nusu nyingine iko wapi. Yaliyofuata hatuyasimulii, kwani ni mali ya mwenyewe. Lakini hatukuona humo neno la kumwudhi Mwislamu; na tuliona njia ile ya mawe kama kwamba tunaipita kwa miguu yetu.

Asubuhi yake tukaenda kwa baba mtu. Hakutupokea kwa hasira, bali kwa swali. Akasema, "Maalim, mimi nikiamka asubuhi najua niendako. Mwezi wa sita napuliza salfa, mwezi wa kumi naokota korosho, na katikati yake napalilia. Huyu kijana asema ataka kuwa mtunga hadithi. Basi nieleze: mtunga hadithi aamkapo asubuhi hufanya nini?"

Hatukuwa na jawabu. Sisi elimu yetu ni ya chuoni na ya shule ya msingi, na hatukupata kumwona mtu wa kazi hiyo. Tukamwomba muhula, tukaenda kwa mwalimu mmoja wa sekondari huko Masasi, mtu karimu, akatuazima vitabu kadhaa na kutueleza mengi. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Wa kwanza tuliyemtafuta ni Shaaban Robert, ambaye jina lake kila mtoto wa shule alijua. Msomaji asishangazwe na jina la pili. Mtu huyu alikuwa Mwislamu, aliyezaliwa mwaka 1909 kijijini Vibambani, karibu na Tanga. Alisoma Dar es Salaam tangu 1922 mpaka 1926. Sasa tazama aamkapo asubuhi hufanya nini: huenda ofisini. Tangu 1926 mpaka 1944 alikuwa karani wa forodha; kisha akawa katika idara ya wanyama mpaka 1946; kisha katika ofisi ya jimbo la Tanga mpaka 1952; kisha katika ofisi ya upimaji wa ardhi mpaka 1960. Hiyo ni miaka thelathini na minne ya kuamka na kwenda kuandika barua na hesabu za watu wengine. Na katika miaka hiyo hiyo ndipo alipoandika Kusadikika, kilichochapwa mwaka 1951, na Adili na Nduguze, na mashairi, na tenzi. Vitabu vyake vyote vyapita ishirini. Alifiwa na mkewe Amina, akabaki na watoto. Akaandika utenzi mmoja wa kumwusia binti yake na mmoja wa kumwusia mwanawe wa kiume. Alistaafu mwaka 1960, akafariki mwaka 1962. Yaani siku ambazo asubuhi yake ilikuwa yake mwenyewe hazikutimia hata miaka mitatu. Na kitabu chake cha Kufikirika hakukiona kimechapwa, kwani kilitoka mwaka 1967, miaka mitano baada ya kuzikwa.

Tulipomweleza mzee habari hii alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi huyo alikuwa na kazi mbili." Tukasema ndiyo.

Wa pili ni Muhammed Said Abdulla wa Unguja, aliyezaliwa mwaka 1918. Yeye alianza kazi katika idara ya afya, na mwaka 1948 akaingia katika kazi ya magazeti. Katika mashindano ya kuandika hadithi ya mwaka 1957 na 1958 alipata zawadi ya kwanza kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapwa mwaka 1960 na kutuletea Bwana Msa, yule mpelelezi mwenye kiko. Na ukiuliza mwandishi wa Bwana Msa alikuwa akifanya nini mchana, jawabu ni kuwa tangu 1958 mpaka 1968 alikuwa mhariri wa gazeti la Mkulima. Hapo mzee wetu alicheka kwa mara ya kwanza.

Lakini tulitaka kujua saa zenyewe, na saa zenyewe tulizipata kwa mtu wa Misri. Naguib Mahfouz, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1988, alikuwa mtumishi wa serikali tangu ujana wake mpaka alipostaafu mwaka 1971, na sehemu ya utumishi huo aliifanya katika Wizara ya Wakfu. Mwenyewe alieleza kuwa alikuwa akirudi kazini, akaandika tangu saa kumi za jioni mpaka saa moja, kisha akasoma mpaka saa nne za usiku. Hivyo ndivyo siku zake zilivyokuwa, mwaka baada ya mwaka. Miezi ya joto macho yake yalimwuma, basi hakuandika. Yakipoa, akarudi mezani. Hakungoja hamu impande. Saa kumi ilipofika, aliketi.

Yamo katika vitabu vyake mambo ambayo sisi hatuyaafiki, wala hatuwashauri vijana kuvisoma vyote bila ya mwongozo. Hata hivyo tulisoma pia kuwa kijana aliyemchoma kisu shingoni mwaka 1994, kwa ajili ya kitabu chake kimoja, ilielezwa baadaye kuwa hakukisoma kitabu chenyewe. Tulipofika hapo tulikiweka kando kile tulichokuwa nacho mkononi, kwani ilikuwa kama mtu ametuita kwa jina letu.

Na katika saa hizo tatu afanya nini? Hilo twaweza kulisema kwa kutazama lile daftari. Ukurasa wa kwanza kijana aliandika kuwa mwanamke yule alikuwa amechoka sana. Akaikata kalimu hiyo kwa wino. Akaandika kuwa jasho lilimtoka, nalo akalikata. Mara ya tatu akaandika kuwa alisimama na kubadili mkono ulioushika mtungi. Hapo akaacha. Basi hiyo ndiyo kazi: kuandika, kusoma ulichokiandika, kuona uongo ulipo, kukata, na kuandika tena, kisha kunakili yote kwa hati safi, kupeleka kwa mchapaji, kungoja, na mara nyingi kurudishiwa. Tulimwonyesha baba mtu ukurasa ule. Hajui kusoma sana, lakini mistari iliyokatwa aliiona. Akaipitisha kidole, akasema, "Kumbe ni palizi."

Juu ya riziki tulimwambia kweli, kwani si halali kumdanganya mzazi. Wachache mno katika nchi zetu waliokula kwa hadithi peke yake. Hata Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepewa Nobel mwaka 2021, alifanya kazi hospitalini alipokuwa kijana huko Uingereza, kisha akawa mwalimu wa chuo kikuu mpaka alipostaafu. Zipo zawadi; iko ile ya Taifa ya Mwalimu Nyerere iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, na mshindi wa kwanza akapata shilingi milioni 10. Lakini zawadi hupata mmoja na walioandika ni wengi. Kwa hivyo kijana asiache shule, wala asiiache mikorosho. Naye baba asimnyime saa zake za baada ya kazi.

Imebaki hukumu, nayo ndiyo tuliyoikosea. Lugha yetu ina neno moja, hadithi, kwa maneno ya Mtume (s.a.w.) na kwa kisa cha sungura na fisi, labda ndiyo sababu akili zetu huchanganya. Kumzulia Mtume ni katika madhambi makubwa, na hapana ruhusa wala mzaha katika hilo. Kumsingizia jirani jambo asilolitenda, ukalifunika kwa jina la hadithi, nako ni haramu. Lakini kisa ambacho msemaji na msikilizaji wote wawili wajua kuwa ni mfano, mdanganywa yuko wapi? Al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122, naye mtumishi wa serikali vile vile, alitunga Makamat hamsini juu ya mtu wa hila aliyembuni. Na katika dibaji yake akajitetea kuwa hapana aliyewalaumu wasimulizi wa visa vya wanyama, na kwamba amali huangaliwa kwa nia zake. Wanavyuoni wamekisoma na kukisherehesha kitabu hicho kwa mamia ya miaka. Sisi twalijua jina la kitabu hicho tangu ujana wetu, na bado tulisema tulilolisema.

Tena liko jambo jingine lituumalo. Visa vya mabibi zetu wa Kiswahili vya kale, vilivyopata kuwekwa kitabuni kwa wingi, alivikusanya Steere, padri wa Kiingereza, huko Unguja, akavichapa London mwaka 1870. Ndiye huyo aliyekuja Masasi mwaka 1876, akiwa askofu, pamoja na watumwa walioachwa huru. Waliovisimulia visa vile walikuwa watu wetu. Aliyenyanyua kalamu hakuwa wetu. Na mtoto wetu aliponyanyua kalamu, sisi tulifanyaje?

Ijumaa iliyopita, baada ya sala, tulisimama mbele ya watu wale wale tukasema kuwa tulikosea, na mbele yao tukamwomba kijana radhi. Baba yake naye alimpa fedha za madaftari mapya kutoka katika malipo ya korosho, na taa ya jua ya kuwekea chumbani. Wamekubaliana kuwa tangu baada ya isha mpaka saa nne hapana wa kumtuma.

Tulimwuliza kama ataweza kuviandika tena vile vilivyoungua. Akasema viwili ataweza, ingawa si kwa maneno yale yale. Cha tatu hataweza. Humo alikuwa ameandika habari za baba wa bibi yake, aliyebebeshwa mizigo ya Wajerumani mpaka walipovuka Ruvuma mwezi wa Novemba 1917: majina ya wenziwe, mahali walipolala, walichokula. Alikuwa akikaa na bibi jioni kwa jioni, naye akisimulia. Bibi huyo alifariki mwaka jana, mwezi wa Shaaban.