Tuonyesheni na ugomvi

Siri ya mtungi, walisema wahenga, aijuaye ni kata. Sisi wapenzi wa muziki ni wanywaji tu: maji tunayapokea yakiwa matamu, lakini hatujui chini ya mtungi kuna nini. Ndiyo maana tunazipenda filamu zinazopigwa nyuma ya jukwaa, zile ambazo mtu huzitazama nyumbani na kuzirudia. Zinatuahidi kutufanya kata kwa saa moja au mbili. Katika makala haya nataka kupima ahadi hiyo kwa filamu mbili. Moja ni ya bendi kubwa ya Marekani, nyingine ni ya ndugu zetu wa Kinshasa. Maoni yangu nayatanguliza: filamu ya ndugu zetu ni nzuri kuliko ile nyingine, lakini ilituheshimu kidogo kuliko ile nyingine.

Nianze na kukiri. Mimi ni mpenzi wa metali. Hapa Bukavu hilo si jambo la kujivunia. Kuanzia Kadutu hadi Nguba utasikia rumba, ndombolo na kwaya za makanisa. Ukiwasha gitaa zile zinazounguruma, mama jirani atauliza kama redio imeharibika, na mwingine atauliza kama umeacha kusali. Nawajibu kwamba hata Afrika Mashariki wapo wanaoupiga: Nairobi kuna Duma, ambao albamu yao ya mwaka 2020 ilitolewa Kampala na Nyege Nyege Tapes. Jibu hilo halijamshawishi mtu bado. Basi nasikiliza kwa spika za masikioni, na filamu nazipokea kwa flashi kutoka kwa binamu yangu.

Kwenye flashi moja binamu alinipa Some Kind of Monster, filamu ya Joe Berlinger na Bruce Sinofsky kuhusu Metallica, iliyotoka mwaka 2004. Nilitegemea kuona majukwaa, moto na umati wa watu. Nikakuta kikao. Wanaume wazima wamekaa kwenye viti, wanabishana. Mpiga besi Jason Newsted alikuwa ameacha bendi Januari 2001. Kazi ya albamu mpya ikaanza, na katikati ya mwaka huohuo mwimbaji James Hetfield akaondoka kwenda kutibiwa ulevi. Wenzake wakabaki wakingoja kwa miezi mingi. Aliporudi akaweka sharti la kufanya kazi kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi tu, na akataka wengine wasiendelee na kazi wakati yeye hayupo. Mpiga ngoma Lars Ulrich anakasirika, anatembea huku na huku chumbani, anamtukana mwenzake usoni. Pembeni yuko mshauri, Phil Towle, anayelipwa dola 40,000 kwa mwezi ili wapatane. Baadaye wanapotaka kumwambia kwamba kazi yake imekwisha, yeye hataki kuondoka. Mpiga gitaa Kirk Hammett anaomba walau nafasi ya kupiga gitaa peke yake ndani ya nyimbo, na anashindwa. Albamu iliyozaliwa humo, St. Anger, ilitoka mwaka 2003, na wapenzi wengi wa bendi hiyo hawaipendi hadi leo.

Mwanzoni nilicheka. Matajiri hawa wanalia nini? Hapa kwetu mtu hulipa dola moja akapata ushauri wa mjomba, na chai juu yake. Lakini nilipoitazama mara ya pili, kicheko kilikatika. Niligundua kwamba watu hao nawajua sasa. Najua nani anaogopa kuachwa, nani anataka kutawala, nani hunyamaza ili amani ipatikane. Na niligundua jambo la pili: filamu ile ilianza kama kazi ya kutangaza albamu, kisha bendi yenyewe ikainunua kutoka kwa kampuni yake ya muziki. Walilipa fedha zao ili aibu yao ionekane. Waliweza kuizima. Hawakuizima.

Wiki iliyofuata tulikuwa wanafunzi sita mbele ya kompyuta moja, Nyawera, tukatazama Benda Bilili!. Filamu hiyo ya Renaud Barret na Florent de la Tullaye ilionyeshwa Cannes mwaka 2010, katika Wiki Mbili za Waongozaji. Inahusu Staff Benda Bilili, wanamuziki wa Kinshasa ambao wengi wao walipooza miguu kwa polio tangu utotoni. Wanatembea kwa baiskeli za magurudumu matatu walizojiundia, na wanafanya mazoezi katika bustani ya wanyama. Waongozaji wawili Wafaransa waliwafuata kwa miaka kama mitano. Katikati ya filamu umeme ulikatika, betri ikaisha, na hakuna aliyetaka kwenda kulala. Tulikaa gizani tukiongea kuhusu watu wale kama tunavyoongea kuhusu majirani. Filamu inayoweza kufanya hivyo si ndogo.

Uzuri wake uko kwenye kazi. Filamu nyingi kuhusu walemavu hukaa kwenye kidonda. Hii inakaa kwenye mazoezi. Tunamwona Papa Ricky Likabu akiongoza wenzake kama mkuu wa familia. Tunamwona Coco Ngambali na gitaa lake. Tunamwona Roger Landu akiwa bado mtoto, maibobo kama tunavyowaita hapa Bukavu, akiwa na satongé aliyojitengenezea mwenyewe: kopo, kijiti kilichopinda na waya mmoja. Mbele ya macho yetu mtoto huyo anakuwa kijana, na waya ule mmoja unakuwa sauti inayobeba bendi nzima. Kurekodi kunaanza, kisha kituo walichokuwa wakilala kinateketea kwa moto na kila kitu kinasimama. Inabidi kungoja miaka. Albamu yao ya kwanza, Très Très Fort, ilitoka mwaka 2009; sehemu kubwa yake ilirekodiwa palepale bustanini, nje, na vyura wanasikika ndani yake. Mwaka huohuo wakapanda majukwaa ya Ulaya. Kwetu wanafunzi, tuliozoea kusifu kipaji kana kwamba kinashuka kama mvua, kuona miaka mitano ya kurudiarudia wimbo uleule ni somo kubwa.

Sasa niingie kwenye lugha, maana hili ni jarida la kitivo cha lugha. Watu wa filamu ile wanazungumza Kilingala, na maandishi ya chini ni ya Kifaransa. Wengi wetu hapa Kivu Kilingala tunakisikia kwa muziki na kwa askari, kwa hiyo tulikuwa tukisikia kwa sikio moja na kusoma kwa jicho jingine. Na vitu viwili hivyo havikulingana. Kilingala cha Kinshasa kina Kifaransa ndani yake: hesabu, tarehe, mambo ya ofisi, mambo ya mikataba. Mtu anaweza kumtania rafiki kwa Kilingala kitupu, kisha akihesabu fedha anahamia Kifaransa bila kuvuta pumzi. Maandishi yanafanya yote kuwa Kifaransa kimoja kilichonyooshwa. Mpaka unafutika. Mtazamaji asiyejua Kilingala hawezi kuona ni wapi mtu ametoka barabarani na kuingia ofisini, ingawa mdomo wa msemaji umemwonyesha waziwazi.

Jina lenyewe la kundi limepata ajali hiyohiyo. Kwa kawaida linafasiriwa kwamba ni kutazama ng'ambo ya sura ya nje. Ni tafsiri yenye maadili mazuri, inayomfundisha mtazamaji asiwahukumu walemavu kwa miguu yao. Lakini tukifuata neno kwa neno, kobenda ni kuvuta, na bilili ni vivuli. Vuta vivuli. Tafsiri ya Kifaransa inampa kazi mtazamaji: wewe uliye mzima, tazama vizuri. Kilingala kinataja kazi ya mikono: kuna kitu kimefichika, kivute kije mwangani. Nadhani filamu imetekeleza tafsiri kwa uaminifu. Lile neno la asili limebaki na deni.

Deni hilo ni meza. Namaanisha meza ambapo fedha zinagawanywa, mkataba unasainiwa, mtu anaambiwa sehemu yake ni kiasi gani na kwa nini. Metallica walituweka mezani hadi tukachoka. Benda Bilili! inatuweka barabarani, bustanini, kwenye ndege, jukwaani; mezani hatukaribishwi kukaa kwa muda wa kutosha. Hadithi inapanda kama ngazi hadi Ulaya, watu wanasimama na kupiga makofi, nasi tunafuta machozi. Halafu, mwaka 2013, baada ya albamu ya pili, kundi likavunjika. Coco Ngambali na Theo Nsituvuidi wakaondoka, wakaanzisha Mbongwana Star, na mwaka 2015 wakatoa From Kinshasa, albamu yenye sauti ya umeme na vumbi ambayo mpenzi wa metali kama mimi aliielewa kuliko zote. Mbongwana ni mabadiliko. Mpenzi aliyekuwa na filamu tu mkononi alipigwa na butwaa: hawa walioimba kwa shingo moja, wamefikaje hapa? Lakini aliyeona kikao cha Metallica hashangai mtu anapoondoka. Ameonyeshwa kwamba vyombo vya kapu moja havikosi kugongana.

Najua nitajibiwa nini. Mwenzangu mmoja, usiku uleule, aliniambia: ndugu, ya nyumbani hayatoki nje, Wazungu walikuja kuonyesha heshima ya watu wetu, wewe unataka waonyeshe matusi? Hoja hiyo ina uzito. Sisi wa Bukavu tunaijua kamera. Mara nyingi imekuja kwetu kutafuta vidonda, na ikavipata, na ikaondoka navyo. Filamu iliyokuja kutafuta nyimbo inastahili shukrani, nami naishukuru. Mwingine akasema Metallica wana mawakili, wanaweza kujianika bila kupoteza nyumba. Mtu aliyelala juu ya karatasi ngumu hana fedha za kununua aibu yake. Hilo nalo ni kweli, na ni kweli chungu zaidi, maana linahusu nani alikuwa mwenye filamu. Waliopigwa picha San Francisco walikuwa na uwezo wa kufunga mlango wa chumba cha kuhariri. Uwezo huo sidhani ulikuwapo kwenye bustani ile ya Kinshasa.

Lakini hoja hizo hazinirudishi nyuma. Zinanieleza tu kwa nini meza haikuonekana. Hazisemi kwamba haikustahili kuonekana. Heshima si kumfanya mtu awe mtakatifu. Tukimwona Papa Ricky akiwa mvumilivu tu, hodari tu, mwenye tabasamu tu, tumempa heshima tunayompa mgeni au marehemu. Mtu mzima aliye hai ana haki ya kukasirika mbele yetu kuhusu mgawo wake, kukosea, kuomba radhi au kukataa kuomba. Ulrich alipewa haki hiyo na filamu nzima. Mlemavu wa Kinshasa alipewa haki ya kutuinua mioyo. Kwa wapenzi hiyo ni zawadi nzuri. Kwake yeye ni mzigo, kwa sababu siku akigombana na wenzake, watu watasema amewaangusha.

Haya siyaandiki ili tuwahukumu Wafaransa wawili waliofanya kazi nzuri. Nayaandika kwa sababu kamera sasa iko mikononi mwetu. Humu kitivoni wamo wanaopiga picha za mazoezi ya bendi za Ibanda na Kadutu kwa simu, na wanaoandika kazi za mwisho wa masomo kuhusu wanamuziki wa mji huu. Nimesoma baadhi. Tunaandika sifa au tunaandika huruma. Msanii ni nyota au ni yatima. Mara chache nimekuta ukurasa unaosema walibishana neno gani libaki kwenye kiitikio, nani alitaka Kiswahili na nani alitaka Mashi, nani alilipwa usiku ule na nani aliambiwa arudi kesho. Na sisi, tofauti na wageni, tunasikia mahali mtu anapohama kutoka lugha moja hadi nyingine. Hakuna maandishi ya chini yanayotuziba masikio.

Ombi langu kwa wenye simu na wenye kalamu ni dogo. Mazoezi yakiisha na vyombo vikifungwa, msizime. Ombeni ruhusa kwa wenyewe kwanza, na wawe na neno juu ya kinachobaki na kinachofutwa, kama walivyokuwa nalo wale matajiri. Wakikubali, kaeni mpaka fedha zihesabiwe, na mwandike ni kwa lugha gani zilihesabiwa.